Siku Mbili Baada ya Arobaini

Saa moja asubuhi, Ibra, kliniki ya wajawazito.
Wamekuja na njaa kama nilivyowaagiza,
mikono ya mabuibui imekunjwa, mishipa tayari.
Ninawapa chupa: gramu sabini na tano za sukari
katika maji ya ndimu. "Kunywa yote, bibi, usiteme."
Kisha tunakaa. Saa mbili za kukaa.
Hakuna ninachokijua juu ya maradhi haya
ambacho hakikuanza kwa kukaa.

Mama haielewi kazi yangu.
"Kisukari," anasema, kwa Kiswahili chake cha Mkunazini
ambacho miaka hamsini ya Ibra haijakitia kutu,
"kwetu ni jina la ndizi. Tena ndogo, tamu.
Nani kayapa maradhi jina la ndizi?"
Sina jibu. Lugha yetu ina huruma za ajabu:
imeitanguliza ki- mbele ya sukari
kama mtu amwitaye mtukutu kitoto,
akidhani akiitwa mdogo hatakua.

Anakua.

Nimewaandikisha mia mbili arobaini na mmoja.
Zamzam, mimba ya tano, mume yuko kambi ya mafuta Marmul.
Ghaniya, mwalimu wa hesabu, aliyeniuliza
kwa nini mpaka uko tano nukta moja, si nukta mbili.
Nikamwambia: walikaa watu, wakakata shauri.
Yeye alipata tano kamili. Akacheka.
Mimi sikucheka. Damu haisomi mipaka.
Na namba mia na kumi na nane,
aliyejidunga insulini nyuma ya friji
mama mkwe asimwone,
akarudi sebuleni akala halua ya wageni,
maana atakataaje?

Alijifungua salama. Wengi walijifungua salama.
Ndipo walipoanza kuniponyoka.
Fomu ilisema: rudi wiki ya sita tukupime tena.
Katika kila kumi, walirudi watatu.
Nikapiga simu, wakapokea wazee.
"Bado mzazi huyu, hajatoka arobaini.
Anakula asali, samli, uji wa uwatu.
Wewe daktari, huna mama?"

Ninaye.
Nilimkuta anaosha kidonda cha mguu, kile kisichofunga,
akaanza tena kisa chake akipendacho:
nilivyozaliwa mkubwa, mizani ya watoto haipo,
nikabebwa hadi sokoni kwa muuza tende,
nikawekwa kwenye sahani ya shaba,
kilo tano kasoro robo.
"Soko zima lilicheka! Mkunga kasema nimezaa mtu mzima."
Nimekisikia mara elfu.
Usiku ule nilikisikia kama jibu la maabara.
Bendeji ilikuwa mkononi mwangu.
Hakuna aliyempigia simu mama wiki ya sita.

Arobaini ni siku arobaini.
Wiki sita ni siku arobaini na mbili.
Niliitazama hesabu hii mpaka chai ikapoa.
Siku mbili! Siku mbili tu kati ya bibi zetu na fomu yangu,
nami nilikuwa nikiziita ukaidi.

Nikafuta "wiki ya sita". Nikaandika:
*Ukishatoka arobaini, ukishakoga, ukishajifukiza,
pitia kwetu asubuhi, kabla hujala.*
Kamati ikauliza kwa barua
ubani unahusiana vipi na utafiti.

Wakaja wananukia udi.
Watoto wamepakwa wanja, mmoja ana kofia ya babu yake
inayomwangukia puani.
Saba katika kumi, safari hii. Wanne kati ya saba wa jana
sukari yao imekataa kushuka;
niliwaambia mmoja mmoja, mlango umefungwa,
na Zamzam akaniuliza kama tende tatu ni nyingi.

Mia na kumi na nane hajaja.
Mstari wake daftarini ni mweupe.
Jumapili nitapiga tena. Akipokea mama mkwe
sitaanza na sukari. Nitamwamkia,
nitauliza hali ya magoti, maji ya falaji, mbuzi,
na mjukuu: alizaliwa na kilo ngapi?
Nitamwacha ajisifu mpaka amalize.